Nilivyokaa Kunywa Kahawa Katikati ya Mbio za Burji

Nianze na aibu yenyewe ili tuimalize mapema. Nilikuwa wa kwanza. Si wa kwanza wa kubahatisha, wa kwanza kweli, peke yangu, wenzangu bado wako juu huko wanatafuta pa kukanyaga. Nilibakisha kipande kidogo tu cha kuteremka, niguse jiwe la tanuri, mbio ziishe, bibi yangu apate alichokitaka. Nikakaa kitako nikanywa kahawa. Na si hayo tu. Nilipoinuka pale, nusu ya mtaa walikuwa washasikia kuwa nimeposa mke.

Cheka tu, mie nishazoea. Juzi nimepeleka friji Ibra, mji wetu wa zamani huku Omani, maana siku hizi naendesha gari ya mizigo, na mwenye friji mwenyewe hayupo nyumbani. Kanambia kwenye simu, ngoja kidogo, nakuja. Sasa kuniambia mie ningoje ni sawa na kumwambia kuku alale chali. Nikazunguka gari, nikafungua boneti nikatazama injini isiyokuwa na tatizo lolote, nikafunga, nikaanza kutembea. Miguu ikanipeleka yenyewe mpaka chini ya kilima chetu.

Wamekitia ngazi. Za saruji, na chuma cha kushikia pembeni, na taa. Juu kabisa burji ipo pale pale, ule mnara wa walinzi wa zamani, lakini wameukandika upya, umekuwa mzuri kama keki. Nikapanda kwa ngazi, mtu mzima, nashika chuma, na nilipofika juu nilikuwa napuliza kama mtungi wa gesi unaovuja. Kuna bwana mmoja mgeni na mkewe wanapiga picha, wakaniuliza kama mie mzima. Nikawaambia mie hapa nilikuwa nafika mbio, tena na ndara. Wakatabasamu vile watu wanavyomtabasamia mgonjwa.

Ndugu yangu, kilima kile ukikitazama kutoka chini utasema hiki kitu gani, cha kuchezea watoto. Kifupi. Lakini kimesimama wima kama kimekasirika. Mawe yake meusi, makali, na yamelegea, ukikanyaga moja linakuja na ndugu zake. Jua likishapanda unahisi moto unakuja kutoka chini, kupitia kandambili. Na sie kila Idi kubwa, siku ile nyama inapofukuliwa, tulikuwa tunakipanda mbio, vijana wote wa mtaa ambao hawajaota ndevu, upande wa mbele mpaka burji, halafu unateremka upande wa nyuma kwa njia ya mbuzi, unapita kwenye mashamba ya mitende, unaufuata mfereji wa falaji unaonywesha mashamba, mpaka kwenye tanuri. Juu anakaa kijana mmoja mkubwa na kopo la chokaa, kila anayefika anapakwa kipajini, ili asitokee mjanja akajificha nyuma ya jabali halafu akateremka na wanaume.

Mie nilikaa na bibi yangu. Mama na baba walikuwa wakifanya kazi Maskati, wanakuja siku za mapumziko wakiweza. Bibi alirudi kutoka Unguja na sanduku moja, mbuzi wa chuma wa kukunia nazi, na vikombe vyake vya bati, akapewa nyumba ya udongo yenye mkunazi uani, na humo ndani ikawa Kiswahili mpaka paka. Nje Kiarabu, ndani Kiswahili, na mie katikati mlangoni naingia natoka, sitaki ndani sitaki nje. Bibi akisema Mungu aliponiumba alinipa kila kitu akasahau makalio. Chakula nakula nimesimama. Chuoni kwa mwalimu wa Kurani nachapwa si kwa kutojua kusoma, kwa kuhama mkeka. Na shule ndiyo usiseme. Shule niliiacha njiani, au yenyewe iliniacha mie, mpaka leo hatujakubaliana. Mwalimu wa michezo, Mmisri mmoja akivuta sigara nyuma ya tangi la maji, ndiye peke yake aliyenipenda. Wenzake wakinitoa darasani, yeye ananiambia zunguka uwanja mpaka uchoke. Sichoki. Anachoka yeye kunitazama.

Sasa ili uelewe mbio lazima uielewe nyama. Shuwa unaijua, nyama ya kufukia. Kwetu mtaa mzima una tanuri moja, shimo kubwa la mawe nje ya mashamba. Kila nyumba inatia viungo nyama yake, inaifunga majani ya migomba, inaitia ndani ya kanda la ukili wa mtende, inalishona, inalifunga waya na alama yake. Alama ya Bibi ilikuwa mkono wa kikombe cha bati, wa buluu, uliong'oka njiani kwenye safari ya kuja. Kuni zinawaka mpaka mawe yanakuwa mekundu, halafu wanaume wote wanatupa makanda kwa pamoja na kelele nyingi, wanafunika bati, wanaziba kwa udongo, na moshi ukionekana hata kwa ufa wa kidole watu wanapiga mbio kuuziba. Mpaka siku ya kufukua.

Na kufukua ndiko kwenye mambo. Yanatoka kwa zamu, moja moja, kwa ndoana ndefu. Kila kanda lina salamu zake na dua yake, linafutwa majivu, mwenyewe analichukua, anaitwa kunywa kahawa, ndipo linavuliwa jingine. Watu wa kwanza ni wale wa zamani pale mtaani, wenye mashamba na maji. Halafu wanaofuata. Halafu wanaowafuata. Sie tuliorudi kutoka Unguja tulirudi mwisho, basi na kanda letu mwisho. Hakuna aliyefanya kwa ubaya, ndivyo zilivyo zamu, hata za maji ziko hivyo hivyo. Lakini mpaka kanda letu litoke majirani washakula, washalala, washaamka. Njia ya kuruka zamu ilikuwa moja tu: anayeshinda mbio za burji, kanda la kwao linatoka la kwanza.

Bibi alikuwa hajali. Miaka yote akisema nyama ikikaa sana chini ndio inakolea. Lakini mwaka ule alikuja dada yake kutoka Unguja.

Hawakuonana tangu waachane gatini, wote wawili bado wasichana wenye watoto wachanga. Amekuja kwa wiki ya Idi tu, na siku ile ya kufukua ndiyo siku yake ya kurudi. Gari ya kumpeleka uwanja wa ndege Maskati inatoka kabla ya adhuhuri. Na wakati wote wa wiki ile Bibi kazi yake ni kumsifia shuwa yake. Utaiona nyama yangu. Utaila kwa mdomo bila meno. Dada mtu naye anajibu kwa kudharau, sie kwetu nyama tunapika, hatuiziki. Nikamuona Bibi anatwanga thomu na hiliki na karafuu na pilipili manga kama anatwanga mtu. Nyumba nzima inanuka siki na tende. Usiku wa kuamkia alinivuta sikio, hakuniumiza, akanambia taratibu ili dada asisikie:

"Wewe mguu wako usiotulia, kesho ndio niutumie. Kanda likitoka mwisho, huyu ataondoka hajaonja. Na mie sijui kama ntamuona tena."

Wallahi sikulala. Mguu ulicheza mpaka asubuhi.

Rafiki yangu mkubwa, na adui yangu mkubwa siku za mbio, alikuwa mtoto wa mpika halwa. Mrefu, mkimya, miguu kama ya ngamia mdogo. Alikuwa ashashinda mara nyingi na kwao hata hawashituki tena. Tulipojipanga akanitazama nimefunga wizari, ile shuka ya ndani ya kanzu, mpaka juu ya magoti, akasema, "Leo una nini? Unatetemeka kama tawi." Nikamwambia leo utakula vumbi. Akasema vumbi la Idi nalo riziki.

Sitakueleza jinsi nilivyopanda kwa sababu sikumbuki. Nakumbuka mawe tu, na mate mazito, na moyo unapiga masikioni. Nilipanda kwa mikono na miguu. Yule wa chokaa alinipaka akanambia, "Hata sijachanganya vizuri, mbona umewahi?" Nikatazama chini, mtoto wa mpika halwa bado yuko kwenye jabali la katikati. Nikashuka upande wa nyuma nateleza, nusu nakimbia nusu naanguka, ndara moja ikakatika nikaiacha. Najiona nishafika. Nauona moshi wa tanuri. Namuona Bibi kichwani mwangu anafungua kanda.

Na hapo ndipo njia inapopita mlangoni kwa mzee wa shamba.

Mzee huyu alikuwa mkubwa kuliko wote mtaani. Macho yake yamekwisha, anaona mwanga na kivuli tu. Ujanani alifanya kazi dukani Unguja, kwa hivyo Kiswahili anacho, kile cha zamani kizuri. Kila Idi anatandikiwa mkeka mbele ya lango la shamba lake, na dele la kahawa, na sinia ya tende, na kazi yake ni kusikiliza miguu inayopita. Akisikia miguu anakaribisha. Hajui miguu ya nani, hajui iko mbioni au inakwenda msikitini. Wenzangu wote walikuwa na dawa yake, unapita kimya, kwa vidole. Mie na ndara moja nilikuwa nalia pa-chwa, pa-chwa, pa-chwa.

"Tafadhal," akasema. "Tafadhal, kahawa."

Sasa hapa lazima nikwambie kitu kuhusu Bibi. Bibi alikuwa anaweza kukusamehe kila kitu, kuvunja, kukojoa, kutoroka chuoni. Kumpita mtu mzima aliyekukaribisha, hilo hakuna. Niliwahi kumpita mzee huyu huyu na baiskeli, Bibi akanirudisha kwa miguu, baiskeli kichwani. Akisema hata kama nyumba inaungua, unasimama, unasema kunradhi babu nyumba yetu inaungua, ndipo unakwenda. Na ndivyo nilivyotaka kufanya. Nilitaka kusimama kidogo tu niseme kunradhi babu, tuko mbioni. Lakini pumzi sina. Kilichotoka ni "shikamoo" peke yake. Na ukishasema shikamoo, ushaingia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa."

Nikachutama. Si kukaa, kuchutama, kisigino juu.

"Kaa vizuri. Mtoto wa nani?"

"Mjukuu wa bibi, yule wa nyumba ya mkunazi."

"Aa. Bibi wa karafuu. Hajambo?"

"Hajambo."

"Mguu wake?"

"Haujambo, babu."

"Mbona wahema? Umekimbizwa na mbwa?"

"Hapana babu, Idi tu."

"Idi inahemesha hivi siku hizi," akasema, anamimina. "Sie yetu tulikuwa tunakaa."

Akanipa tende, akanipa kikombe. Kahawa ya moto, ya hiliki, nikaibugia yote na ulimi ukababuka. Mtu mwenye akili hapo anakitikisa kikombe, ndio adabu, kukitikisa maana yake nimetosheka, shukrani. Mie mkono ulikuwa unajitikisa wenyewe tangu juu ya kilima, kwa hivyo nikaona haya, nikaubana usitikisike. Akanijaza tena. Na hapo hapo nikasikia mawe yanaporomoka huko juu. Miguu inakuja. Miguu mirefu.

Nikataka kuinuka. Mkono mmoja una tende, mwingine una kikombe kimejaa, sina pa kujishikia. Nikakiweka kikombe chini kwenye sinia, ili nipate mkono wa kujiinulia. Basi. Sikuwa na nia nyingine.

Mzee akasikia sauti ya kikombe kwenye sinia. Akaacha kutafuna.

"Enhe," akasema, na sauti yake ikabadilika kabisa. "Sema haja yako."

Pale ndipo nilipojua nimekwisha. Kwa sababu kwetu kule, ukipewa kahawa ukaiweka chini hujainywa, umesema jambo kubwa bila kufungua mdomo. Umesema: nimekuja na haja, na kahawa yako siinywi mpaka uikubali. Wanaume wazima ndio wanafanya hivyo, wakienda kusuluhisha ugomvi, na zaidi wakienda kuposa. Mwenye kahawa hawezi kujifanya hakusikia. Na mgeni hawezi kuondoka akaiacha kahawa imekaa pale, bora amtukane baba yake.

"Babu, mie..."

"Usione haya. Wajukuu wa kike ninao, Mungu kanipa." Akaunyoosha mkono wake mkavu, akanipapasa kidevu kutoka sikio hadi sikio, taratibu, kama mtu anayechagua tikiti. "Lakini ndevu huna. Haja yako ni nzuri, ila imewahi."

Nyuma ya lango kikaanguka kicheko. Si cha mtu mmoja. Mlikuwa na wasichana mle wanaosha vyombo vya Idi, na wakati mie bado natafuta la kusema, mmoja akachomoka na mlango wa pili kwenda kueneza habari.

Mtoto wa mpika halwa akatokea, kipaji cheupe, kanzu shingoni. Mzee akasikia miguu. "Tafadhal," akasema, "tafadhal, karibu." Rafiki yangu akaniona. Naona mpaka leo macho yake, vile nimekaa na tende mkononi na kikombe mbele yangu. Akapunguza, kabisa, mguu mmoja ukabaki hewani. Halafu akapita.

"Nani huyo?" mzee akauliza.

"Mbuzi, babu."

"Mbuzi wa nani anavaa ndara?"

Nikaanza kulia. Si kwa sauti, lakini pua ilinisaliti. Nikamwambia yote, mbio, kanda na alama yake, dada wa Bibi, gari ya kabla ya adhuhuri, na kwamba sitaki kuoa. Nikamwambia haja yangu ilikuwa kukimbia tu. Mzee hakucheka. Aliuliza kitu kimoja: "Wameachana tangu lini hao?" Nikamwambia tangu gatini. Akasema:

"Kunywa kahawa yako. Haja imekubaliwa." Halafu akapapasa bakora yake. "Nipe bega."

Basi ndivyo nilivyomaliza mbio za burji, ndugu yangu. Kwa hatua za mzee asiyeona, bega langu limekuwa fimbo, ndara moja, na kikombe nimekisahau mkononi. Kila mtu akatupita. Yule mnene wetu, mtoto wa mwenye duka, ambaye kila mwaka anakuwa wa mwisho na anajivunia, akasimama kwa mzee, akasema shikamoo, akarudi mkekani akachota tende ngumi nzima, na bado akatupita. Mie ndani nachemka. Mguu unataka kuruka, na mzee anakanyaga, anatua, anakanyaga, anauliza huu mtende wa nani sasa, mfereji huu leo maji ya nani. Sijawahi kutembea taratibu hivyo kabla wala baada.

Tulipofika, kanda la mpika halwa lishatoka, linafutwa majivu. Wanaume wamekaa duara, na habari imetutangulia. Mmoja akasema, "Bwana arusi huyo." Mwingine akasema, "Tena na mkwewe." Vicheko mpaka majivu yakapeperuka. Zamu iliyofuata ilikuwa ya mzee mwenyewe, maana ardhi ya tanuri ilikuwa ya baba yake. Mwenye ndoana akauliza, "Mzee, tulitoe la kwenu?"

"La kwetu liache. Toeni lenye mkono wa kikombe."

"Hilo la mwisho, mzee."

"La mwisho ni langu," akasema, akapapasa jiwe akakaa. "Mie nina haraka ya kwenda wapi?"

Wakalitafuta kwa ndoana, wakalivua, na mkono wa buluu ulikuwa umegeuka mweusi lakini upo. Nikalitia kichwani likiwa la moto, mafuta yananitiririka shingoni, na hapo ndipo nilipokimbia mbio zangu za kweli. Gari ilikuwa mlangoni, injini inanguruma, dada wa Bibi ashaingia, dereva anaitazama saa. Bibi hakunitazama hata usoni. Alilikata kanda kwa kisu pale pale chini, moshi ukatoka na harufu ile, akachambua kwa vidole vyake vilivyozoea moto, akamlisha dada yake kupitia dirisha la gari.

Dada akatafuna. Akafumba macho. Akasema, "Umezidisha mdalasini."

"Sikutia mdalasini."

"Umetia. Mama alikuwa hatii."

"Mama alikuwa anatia, wewe ulikuwa unacheza nje."

Wakabishana hivyo hivyo, Bibi anamtia tonge, dada anapokea anabisha, mpaka gari ikaanza kuondoka, na Bibi anaifuata kwa miguu mkono uko dirishani. Hawakuonana tena. Mdalasini haukuamuliwa mpaka wote wawili wanakwenda zao.

Bibi alipojifuta uso, mama jirani akamwitia juu ya ukuta, "Bibi, hongera, nasikia mjukuu ameposa!" Bibi akageuka, akaniona na chokaa kipajini na kikombe cha watu mkononi. "Kaposa kwa nani," akasema, "na nguo zake nafua mie?" Akanisikiliza mpaka mwisho. Hakunisifu, hakunigombeza. Akachagua pande zuri kuliko yote, la mbavu, akalifunika kwa kanga, akanambia kampelekee, na ukirudishe kikombe, na ukifika ukae. Nikamkuta mzee bado yuko kwenye lile jiwe, jua limempiga, watu wamebaki wachache, anangoja zamu ya mwisho. Nikakaa naye. Nikajaribu.

Mwaka uliofuata nilikimbia tena, na mtoto wa mpika halwa tukawa bega kwa bega kutoka burji mpaka chini. Tulipofika langoni kwa mzee mkeka haukuwepo. Alikufa wakati wa baridi. Sote wawili tukapunguza, tukatembea kabisa mbele ya lango lile lililofungwa kana kwamba kuna mtu atatukaribisha. Yule mnene akatupita. Ndiyo mara yake ya pekee kushinda, na mpaka leo anaisimulia kama aliitaka.

Sasa tanuri limefukiwa, pameegeshwa magari. Kila nyumba ina pipa lake la chuma uani, na wengine nyama wanaiagiza kwa simu inakuja kwenye foili, na zamu hakuna, na wa mwisho hakuna. Nzuri. Bibi angefurahi, au angesema imekosa kukolea. Mashamba yale nimeyapita juzi, mitende mingine imekauka kichwa, lango la mzee limetiwa mnyororo. Nikasimama pale. Simu inalia, mwenye friji kafika, ananitafuta, na mie nimekaa kwenye vumbi mbele ya lango, kitako kabisa, sijui nimekaa muda gani. Nilikuwa namkumbuka rafiki yangu jioni ile ya aibu, tumetia miguu kwenye falaji, mie vidole vina malengelenge. Nyama ya kwao iliyotoka ya kwanza hata hakuimaliza. Nikamtania, bingwa vipi, umeshiba vumbi? Akatia mkono majini, akautoa, akaniambia:

"Mwakani nakimbia nyuma yako. Ukikaa, nakaa."